Kifusi: Historia ya Neno na ya Mabaki Yanayojenga

Makala hii inajadili neno moja la ujenzi: kifusi. Katika Kiswahili, neno hili hutaja mabaki ya jengo lililobomoka. Hutaja pia udongo na mawe yanayomwagwa kujazia msingi au barabara. Kisemantiki, maana ya pili inaeleza kazi inayoweza kupewa ya kwanza.

Historia ya pwani inaafiki hoja hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifichua misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mabaki ya mwingine, tangu karne ya 8.

Viwanda vimeleta mabaki ya aina nyingine. Tangu katikati ya karne ya 20, Uingereza imetumia majivu ya vituo vya umeme vilivyokuwa vikichoma makaa ya mawe kujazia sehemu za chini za barabara. Majivu hayo ni mepesi, hivyo hayaulemei udongo dhaifu, nayo hupunguza haja ya kuchimba udongo mpya. Hata hivyo, yanaweza kuwa na aseniki na metali zinazoweza kupenya hadi kwenye maji ya ardhini.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Tukiyaita taka, yatatupwa. Tukiyaita kifusi bila kuyapima, huenda tukafukia sumu chini ya nyumba zetu. Kwa hiyo, makala inapendekeza istilahi “kifusi kilichopimwa”: inahifadhi urithi wa neno na kubeba sharti la usalama.