Globu Ndogo ya Redio: Kutoka Uzi wa Moto Mpaka LED

Leo twazungumza juu ya ile globu ndogo iliyo nyuma ya kioo cha redio, iangazayo majina ya stesheni. Huenda nyumbani kwako iko redio ya zamani ya baba au babu. Yalia vizuri, lakini kioo chake ni giza. Waenda dukani, waambiwa, "Globu hizo hazipatikani, tia LED." Je, utie? Kabla hujashika bisibisi, tuitazame kwanza historia ya taa hizo mbili, kwani asiyeijua aweza kuiharibu redio nzima.

Globu ya zamani hutoa nuru kwa kuwa uzi mwembamba uliomo ndani hupata moto mpaka ukang'aa. Hiyo ndiyo njia waliyoifuata Edison wa Marekani na Swan wa Uingereza karibu na mwaka 1879. Sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kwa joto. Tena, uzi wa madini una tabia moja: ukiwa baridi hupitisha umeme kwa urahisi, ukipata moto huuzuia. Ikumbuke tabia hiyo.

LED haina uzi. Mwaka 1907 Mwingereza H. J. Round aliona kipande cha kaborandamu kikitoa nuru hafifu alipokipitishia umeme, lakini wachache walijali. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alionyesha LED nyekundu iliyoonekana kwa macho. Buluu kali ilichelewa mpaka 1993, kwa kazi ya Shuji Nakamura huko Japani. Mwaka 2014 yeye na wenzake, Akasaki na Amano, walipewa tuzo ya Nobel.

Sasa angalia jambo la kuchekesha. Redio za Marantz za miaka ya 1970 hupendwa kwa kioo chao cha buluu. Lakini LED ya buluu ya kufaa kazi hiyo ilikuwa haijapatikana! Ndani mlikuwa na globu za kawaida, na mbele yake kizuizi chenye rangi. Kwa hiyo atiaye LED ya buluu akidhani airudisha redio katika hali yake, kwa maoni yangu aipotosha. Afadhali nyeupe yenye wekundu kidogo, na kizuizi kiachwe mahali pake.

Faida ya LED ni ya kweli. Globu ya volti 8 na ampea 0.3 hula wati 2.4, zikiwa tano ni wati 12, na joto lake hukausha plastiki na karatasi za ndani. Lakini LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na umeme wa globu hizo mara nyingi ni ule uendao na kurudi. Umeme wa namna hiyo wa volti 8 hupanda mpaka volti 11 hivi, na LED nyingi haziwezi kustahimili zaidi ya volti 5 kwa upande wa nyuma. Basi tia dayodi za kuunyoosha umeme, na rezista ya kuupunguza.

Hatari kubwa zaidi ni hii: si kila globu ni taa tu. Chukua redio ya Kimarekani ya valvu tano, iliyotengenezwa kwa wingi kabla na baada ya Vita vya Pili. Nyuzi za valvu zake zimefungwa kwa mfuatano, hata zikatosha umeme wa volti 120 hivi. Katika nyingi za redio hizo, globu imefungwa sambamba na sehemu ya uzi wa valvu ya kunyoosha umeme, nayo husaidia kubeba mzigo. Ukiitoa ukatia LED, mzigo wote hurudi kwenye kipande kile cha uzi, na valvu hufa mapema. Tena chuma cha ndani cha redio hizo huweza kuwa na umeme wa nyumba. Chomoa waya kwanza!

Mfano mwingine ni chombo cha kutoa sauti za majaribio alichokibuni William Hewlett. Walt Disney alinunua vinane vya aina hiyo kwa ajili ya filamu ya Fantasia. Ndani yake mna globu ndogo isiyomwangazia mtu. Sauti ikizidi, uzi hupata moto, huzuia umeme zaidi, na sauti hushuka. Ndiyo ile tabia niliyokwambia. Weka LED pale, na chombo hakitafanya kazi vizuri.

Kabla ya somo lijalo, fanya hesabu hii. Umeme ulionyooshwa ni volti 12, LED nyekundu yahitaji volti 2, nawe wataka ampea 0.01. Rezista iwe ya omu ngapi? Jibu ni 1,000. Sasa ifanye wewe mwenyewe kwa LED nyeupe ya volti 3.