Kondoa (mji)

Kondoa ni mji wa kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, Tanzania, takriban kilomita 160 kutoka jijini Dodoma kwa barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Maandishi ya zamani huuita Kondoa-Irangi, kwa kuwa umo katika nchi ya Warangi. Ndio mji mkuu wa Wilaya ya Kondoa, wilaya yenye halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, kila moja ikiwa na madiwani, mkurugenzi na bajeti yake. Mkuu wa wilaya, anayeteuliwa na Rais, ni mmoja kwa zote mbili. Sehemu ya kusini, wanakoishi Wasandawe na Waburunge, ilimegwa mwaka 2012 ikawa Wilaya ya Chemba.

Halmashauri ya Mji ina kata nane: Kondoa Mjini, Chemchem, Kilimani, Bolisa, Kingale, Serya, Suruke na Kolo. Ukitoka sokoni na stendi hukawii kuingia mashambani, na eneo kubwa la huo unaoitwa mji ni la wakulima. Kwa hiyo wakazi wa katikati humchagua mwenyekiti wa mtaa, ilhali wenzao wa pembeni humchagua mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, na wote huhudumiwa na mkurugenzi yuleyule.

Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Irangi. Magharibi yake hupita Mto Bubu, unaoteremka kusini hadi kwenye kinamasi cha Bahi. Mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na huja kwa nguvu. Miezi mingine mito huwa mchanga mtupu, na watu huchimba humo kupata maji.

Kinachoitofautisha Kondoa na wilaya nyingine za uwanda wa kati ni makorongo. Udongo mwekundu wa miteremko, ukishapoteza miti na majani, huchukuliwa na maji hadi kuta za korongo husimama wima na mizizi kuning'inia hewani. Wakoloni waliwalazimisha wananchi kuchimba matuta na kupunguza mifugo, na amri hizo zilichukiwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikachukua hatua kali kuliko zote: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256, Kolo na Haubi zikiwamo. Majani na vichaka vilirudi. Lakini kaya nyingi zilibaki bila maziwa na bila samadi, na gharama hiyo haistahili kupitwa kimya pale mradi unaposifiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa, mradi wafugwe zizini na kukatiwa majani.

Leo ulinzi wa miteremko hutegemea sana sheria ndogo, zinazojadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana sauti, kisha kuidhinishwa na baraza la madiwani.

Kolo hujulikana zaidi kwa michoro ya miambani: watu wembamba warefu, twiga, tembo na pofu, mingi kwa rangi nyekundu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango yenye michoro hiyo bado hutumika kwa matambiko ya mvua, na mpango wowote wa utalii usiowashirikisha wazee wanaoyaendesha utakuwa na kasoro.

Wakazi hulima mahindi, mtama, ulezi, alizeti na mbaazi. Ushuru wa mazao ni moja ya mapato ya ndani ya halmashauri zote mbili, kwa hiyo mwaka wa ukame huonekana hata kwenye bajeti zao. Tangu barabara ya Dodoma–Babati iwekwe lami, malori hufika kuchukua mazao hata masika.