Kibarua wa Pwani na Likizo ya Malipo

Kibarua ni mfanyakazi anayeitwa kazi inapokuwapo na kulipwa mwisho wa siku. Katika bandari ya Kismayo, asipoitwa hapati kitu. Wavuvi wa Chula, Chovai na Koyama hugawana mapato ya samaki. Kusi ikikaza na vyombo vikafungwa, hakuna mshahara wa mapumziko.

Somalia: Sheria ya Kazi ya mwaka 1972 iliweka likizo ya malipo ya siku 15 kwa mwaka, kwa aliyetimiza mwaka mmoja wa kazi mfululizo. Mwenye kuitwa leo na kuachwa kesho hafikii sharti hilo.

Kenya, walikokimbilia Wabajuni wengi baada ya 1991: Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mwezi. Akitimiza miezi miwili hupata haki kama wenzake, ikiwamo likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Akiachishwa kabla ya mwaka kwisha, hulipwa siku 1.75 kwa kila mwezi aliofanya.

Kwa hiyo kibarua aandike kila siku aliyofanya kazi. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia madai yakizuka.