Kemia katika Chuo cha Kijijini: Historia ya Istilahi na ya Vitenzi Vyake

1. Utangulizi

Wanaoandika historia ya istilahi za Kiswahili aghalabu huianzia katika kamati. Hutaja Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyopewa jina hilo mwaka 1970; kisha huhesabu maneno yaliyotoka katika vyombo hivyo. Njia hiyo ina faida yake, kwani bila vyombo hivyo tusingekuwa na msamiati wa kitaaluma tulio nao. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu: maneno hayo yaliundwa yakasemewe wapi?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kuchukua taaluma moja, kemia, na mtu mmoja wa kuwazika, yaani kijana anayejifunza ufundi karibu na kwao. Tumemweka kijana huyo Ndithini, katika eneo la Masinga, Machakos. Hapo ni Ukambani, katika nchi yenye jua kali na mvua chache. Nyumbani husema Kikamba; katika masoko ya Matuu na Thika husema Kiswahili; darasani huandika Kiingereza. Dai letu ni kwamba nomino za kemia zinaweza kuundwa na kamati, na zimekwisha kuundwa, lakini vitenzi vyake hunolewa darasani na karakanani tu. Kwa kuwa Kiswahili kilinyimwa darasa hilo, kemia yetu ina majina mengi na usemi mchache.

2. Ujuzi uliotangulia darasa

Si kweli kwamba kemia iliingia Afrika Mashariki pamoja na maabara. Mpishi aliyetia magadi katika maharagwe ili yalainike upesi alikuwa akitumia alkali. Wachomaji wa chokaa wa pwani waliotia matumbawe motoni hadi yakageuka unga mweupe walikuwa wakiitenga hewa ya kaboni dioksidi na jiwe. Wahunzi wa Ukambani walioyeyusha chuma kwa makaa na mifuo walikuwa wakiondoa oksijeni katika mawe yenye madini.

Mafundi hao hawakukosa majina. Kiswahili kilikuwa na zebaki, shaba, risasi, bati, kiberiti, shura na shabu zamani sana kabla ya kamati yoyote kukutana. Baadhi ya maneno hayo yalitoka katika Kiarabu na Kiajemi, lugha ambazo biashara ya Bahari ya Hindi iliyapitisha. Wala hatuna sababu ya kuona haya kwa mkopo huo, maana neno kemia lenyewe, na neno alkali, yalipita katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni vitenzi. Mkaa wa Ukambani, kwa mfano, husemwa kuwa 'huchomwa'. Kitenzi hicho kinatosha kwa mnunuzi, lakini hakimtoshi mwenye tanuri. Kuni zikichomwa kweli, kwa hewa tele, hubaki majivu. Mkaa hupatikana kwa sababu udongo unaofunika kuni huzuia hewa, nazo kuni hupata joto bila kuteketea: maji na gesi hutoka, kaboni hubaki. Fundi anaijua tofauti hiyo kwa mikono yake, naye huiba na kufungua matundu ya tanuri kwa kufuata rangi ya moshi. Lugha ya kila siku ndiyo haikuhitaji kumtengea kitenzi. Hapo ndipo darasa lingepaswa kuanza kazi.

3. Chuo cha kijijini nchini Kenya

Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini Kenya lilishiriki kutoa taarifa mashuhuri iliyouliza watoto wamalizao shule za msingi waende wapi. Kutokana na taarifa hiyo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyokusudiwa kumfundisha kijana uashi, useremala, ushonaji na kilimo bila kumhamisha kwao. Katika miaka ya 1970 vikafuatwa na taasisi za teknolojia zilizojengwa kwa harambee. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliviweka vyuo vya namna hii chini ya mfumo mmoja.

Katika vyuo vya kijijini kemia haikuwa somo lenye jina lake. Ilijificha ndani ya ufundi. Aliyetaka kemia kwa jina ilimbidi aende mbali zaidi, mathalani Kenya Polytechnic ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1961, na huko lugha ilikuwa Kiingereza tupu. Basi mwanafunzi wa kijijini aliachiwa kemia isiyo na jina, inayoelezwa kwa Kiswahili na Kikamba cha mdomo, kisha akatahiniwa kwa Kiingereza.

Tutoe mifano miwili ili ionekane kwamba jambo hili si la wanalugha peke yao.

Wa kwanza ni saruji, au simiti kama wengi wasemavyo Kenya. Kwa kawaida tunasema saruji 'inakauka'. Kitenzi hicho kinapotosha. Saruji haigeuki jiwe kwa kupoteza maji. Hugeuka jiwe kwa kuungana nayo. Ikikaushwa na jua kabla ya muungano huo kukamilika, hubaki dhaifu na kupasuka. Ndiyo sababu mwashi hodari huimwagilia maji kwa siku 7 au zaidi, na wahandisi huipima nguvu siku ya 28. Fundi aliyefundishwa kwa kitenzi 'kauka' ataona kumwagilia maji ni kupingana na kazi yake mwenyewe. Fundi aliyefundishwa kwa kitenzi 'ganda' au 'ungana' ataona maana yake mara moja. Katika nchi kavu kama ya Ndithini, tofauti ya vitenzi hivyo ni tofauti ya ukuta unaosimama na ukuta unaoanguka.

Wa pili ni asidi ya betri. Mwanafunzi huambiwa 'changanya asidi na maji'. Sarufi ya sentensi hiyo ni safi, lakini kiunganishi 'na' hakisemi nini kinamiminwa juu ya nini. Kwa kemia, hilo ndilo suala lote. Asidi kali ya salfa hutoa joto jingi inapokutana na maji. Maji yakimiminwa juu yake huchemka papo hapo na kuirusha usoni mwa mtu. Asidi ikimiminwa kidogo kidogo katika maji mengi, joto hutawanyika. Kiswahili kina njia ya kulisema hili bila shaka yoyote: 'tia asidi katika maji, usitie maji katika asidi'. Kina pia kitenzi kizuri, 'zimua', yaani kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji. Lakini hapa hata hicho kingepaswa kufundishwa kwa hadhari, kwa kuwa maana yake ya kawaida inataja maji kuwa ndiyo yanayotiwa. Hakuna kamati iwezayo kuligundua jambo hilo ikiwa imeketi mezani. Hugunduliwa na mwalimu aliye mbele ya wanafunzi na chupa.

4. Upande wa Tanzania: maneno yaliyosubiri wasemaji

Msomaji anaweza kusema kwamba Tanzania ililimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1967 elimu ya msingi huko ilishika Kiswahili, hata somo la sayansi. Ni kweli pia kwamba BAKITA ilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na kwamba mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Elementi, atomi, mmenyuko, myeyusho na kichocheo ni maneno yenye mahali pake kamusini.

Lakini kamusi ilifika penye mlango uliofungwa. Tume ya Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliirudia nia hiyo, na bado kemia ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba neno 'mmenyuko' linajulikana na watunga kamusi kuliko wanafunzi wa kemia. Uhusiano wake na kitenzi 'menya', yaani kuondoa ganda, unaonekana wazi. Lakini ni walimu wangapi wamepata nafasi ya kusema 'dutu hizi zinamenyuka' mara elfu moja, hadi kitenzi kikapoteza ugeni wake?

Palikuwa na mahali pamoja ambapo Kiswahili kiliendelea baada ya shule ya msingi, nako ni katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya umma vya Uswidi. Humo uashi, kilimo na mapishi vilifundishwa kwa Kiswahili. Kwa maoni yetu wanaistilahi walikosea shabaha walipoitazama sekondari tu na kuvipita vyuo hivi. Humo ndimo vitenzi vya kemia ya kazi vilipokuwa vikisemwa, na huko ndiko vingeweza kuokotwa.

5. Chimbuko la maneno: fundisho la mti wa sumu

Kanuni inayokubaliwa na wengi ni kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tuende ng'ambo. Kwa kanuni hiyo tulipata 'ngeli' kutoka Kihaya na 'kitivo' kutoka Kipare na Kishambaa. Katika sayansi, hata hivyo, kanuni imetumika kwa uchache, na lugha za bara la Kenya hazikuulizwa sana.

Wapo wanaodhani kwamba kemia haiwezi kupokea neno la Kiafrika. Historia inawakanusha. Wakamba walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutoka katika mti waitao kivai. Wasomali walitumia mti wa jamaa hiyohiyo, na sumu yake waliiita waabaayo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Albert Arnaud alitenga kutoka humo dutu safi yenye kuathiri moyo, ikapewa jina la wabaini, kwa kufuata neno la Kisomali. Baadaye madaktari wa Ulaya waliitumia kutibu moyo. Hivyo neno la wawindaji wetu limo katika vitabu vya kemia vya dunia nzima, na halikuhitaji kibali cha kamati. Liliingia kwa sababu mtu aliyekuwa kazini alilihitaji.

6. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo haki ya kijana wa Ndithini kuelezwa kwa Kiswahili kile kinachoweza kumpofusha macho si ombi tena la wapenda lugha. Hatupendekezi Kiingereza kiondolewe vyuoni. Mwanafunzi atakihitaji katika vitabu na mitihani. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa ufundi wapewe kamusi ya mwaka 1990 na waruhusiwe kuisahihisha kwa kuitumia. Pili, idara za lugha ziwatume watafiti wao katika karakana, tanuri na mashamba, wakakusanye vitenzi jinsi vinavyosemwa kazini, vya Kiswahili na vya lugha jirani.

Nomino tunazo za kutosha kuanzia kazi. Kinachotakiwa sasa ni sentensi, nazo hazitungwi pasipo watu wa kuambiana.