Santuri za Rongai na data tunayoitupa

Leo naweka msimbo kando nizungumzie santuri. Mnaoijua kazi yangu msishangae, mwishoni mtaona kwamba hii nayo ni habari ya hifadhidata.

Wenzetu Marekani hutandaza vitu vya zamani mbele ya nyumba siku ya Jumamosi na kuviuza kwa bei ya kutupa. Huku kwetu Ongata Rongai hakuna desturi hiyo. Santuri hutoka nyumbani kwa njia nyingine: mzee akifariki, nyumba ya mabati ikibomolewa ili ghorofa ijengwe, au watoto wakimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mkokoteni. Yeye hutaka kinanda, kwa ajili ya chuma na shaba iliyomo. Santuri hazimlipi kitu, basi hubaki kwenye gunia. Kwa hivyo mimi huwatafuta hao wenye mikokoteni, na mafundi wa redio wa siku nyingi, kuanzia hapa Rongai hadi Kiserian, Kitengela na Kajiado mjini.

Rongai ilikua kwa machimbo ya mawe, na mawe yalivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Labda ndiyo sababu gunia moja nililonunua kwa soo tatu lilikuwa na Kikamba, Kikuyu, Kijaluo na Kiswahili, zote pamoja bila kugombana!

Sasa historia kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, kwa kuwa huku hapakuwa na mitambo. Santuri za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika 3 kila upande, na zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India. Ukiidondosha moja, imevunjika kama sahani. Katika miaka ya 1950 Nairobi ilianza kuchapa santuri zake yenyewe. Kisha zikaja zile ndogo za plastiki, inchi 7, mizunguko 45. Hizo ndizo nyingi kwenye magunia yangu.

Katika miaka ya 1970 River Road ilijaa maduka na watayarishaji wadogo, kila mmoja na lebo yake. Wimbo mrefu uligawanywa mara mbili: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili magitaa yanachemka. Halafu kaseti ikaingia, na pamoja nayo wezi wa kunakili. Mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya santuri ilikuwa imelala chini.

Mtu ataniuliza: nyimbo si ziko kwenye intaneti? Baadhi, ndiyo. Lakini nyingi zilitoka kwa nakala chache, na mkanda wa asili ukipotea, santuri yenyewe ndiyo inayobaki kuwa asili. Soundway ya London ilipotoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo hizo zilitoka kwenye santuri ndogo kama hizi za gunia.

Na si sauti peke yake. Angalia ile karatasi ya duara katikati. Ina jina la bendi, la mtunzi, la lebo, na nambari. Pale mifereji inapoishia, karibu na karatasi, kuna nambari nyingine iliyokwaruzwa kwenye plastiki. Kwa sisi watu wa programu, huo ni ufunguo wa jedwali. Ukiwa na nambari za kutosha za lebo moja unaweza kuzipanga na kukisia ipi ilitangulia, hata pale mwaka haukuandikwa.

Mnadhani karatasi ni kitu kidogo? Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa Nairobi aliyekuja kuwa mbunge, alikuwa na lebo iliyoitwa Sungura. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe. Huko watu wakauita muziki wa namna hiyo kanindo, na baadaye sungura, jina ambalo mpaka leo ni la mtindo mzima wa muziki wa Zimbabwe. Jina hilo lilitoka kwenye karatasi ya santuri!

Karatasi pia ni ushahidi. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake anayeitwa vilevile Joseph Kamaru, yaani KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Yeye anajua pa kuanzia. Je, yule mpiga gitaa aliyerekodi nyimbo mbili tu akarudi shambani? Familia yake haina pa kuanzia isipokuwa jina lile kwenye karatasi, na wanunuzi wa ng'ambo wanazitafuta santuri hizi. Siwalaumu, wengi wao wanazitunza kuliko sisi. Ila ikiondoka kabla hatujaandika chochote, sisi tumebaki hata bila orodha.

Basi nawaomba hivi. Ukiona santuri kwa nyanya au kwa jirani, piga picha pande zote mbili, uandike nambari zote. Uliza pia ilinunuliwa wapi na nani. Mimi niliuliza, nikajibiwa, "Za marehemu baba, alikuwa akipokea mshahara anapitia River Road kwanza." Hiyo haimo kwenye mfereji wowote.

Ukitaka kusafisha, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini. Zile za 78 usizipake spiriti, itaziyeyusha, na usizichezeshe kwa sindano ya 45, zinataka pana zaidi. Rekodi bila kubana faili: dakika 5 kwa ubora wa CD ni takriban megabaiti 53. Simu yako ina nafasi hiyo.

Mimi nimeanza jedwali langu: bendi, mtunzi, lebo, nambari mbili, mahali ilipopatikana, na maneno ya mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuijaza, kwa sababu wenyewe wanazeeka. Haya, nendeni mkaulize.