Vitimbi, Vioja Mahakamani, Kaole: Jinsi ya kupata vipindi vya zamani mtandaoni, na kwa nini vingine havipo

Imekufikia pia, sivyo? Video ya sekunde arobaini kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mzee Ojwang' ameketi, Mama Kayai anamfokea, rangi zimefifia kama shati lililomwagikiwa Jik. Shangazi anaandika, "Hii ndiyo ilikuwa TV!" Kufikia jioni watu kumi wanauliza swali moja: kipindi chenyewe kizima kiko wapi?

Ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Kuna vipindi viko YouTube, bure kabisa, ukijua kuvitafuta. Kuna vilivyobaki vipande vipande. Na kuna ambavyo nakala nzuri iliyosalia inaweza kuwa kwenye kanda ya video iliyotupwa chini ya kabati la mtu fulani. Huenda ni kabati la kwenu.

Enzi ya chaneli moja

Kenya ilipata televisheni 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa miaka mingi stesheni ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, au VOK kama wazazi wetu wanavyoiita hadi leo. Mwaka wa 1989 ilirudia jina la KBC, na mwaka uliofuata KTN ikaingia hewani.

Kwa hivyo mtu aliyekulia miaka ya 1980 hakuwa na cha kuchagua. Kama ni Vitimbi, ni Vitimbi nchi nzima. Watoto wa mtaa walijazana kwenye nyumba moja yenye runinga, wengine wakichungulia dirishani. Baadaye zikaja zile Great Wall ndogo za kuunganishwa na betri ya gari, na kazi ya kuzungusha antena akapewa kitinda mimba. "Imeshika?" "Bado!" "Na sasa?" "Ilikuwa imeshika, umeipitisha!"

Ndiyo maana vipindi hivi vinapendwa na watu ambao hawana kitu kingine wanachokubaliana. Mluhya wa Kakamega na Mkamba wa Machakos walicheka kitu kimoja, usiku mmoja.

Mzee Ojwang' mwenyewe ni mfano mzuri. Aliigiza kama mzee wa Kijaluo, lafudhi na vituko vyote, na Mama Kayai akiwa mkewe. Lakini jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015 kuna watazamaji ambao ndio walikuwa wanalijua hilo kwa mara ya kwanza, baada ya kumwona kwenye kioo tangu utotoni.

Vioja Mahakamani nayo ilikuwa kesi za kuchekesha mbele ya hakimu: kiongozi wa mashtaka anauliza, mshtakiwa anajitetea hadi anajifunga mwenyewe. Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Olexander walikuwa wateja wa kudumu wa kizimba hicho. Ongeza Vituko, ongeza tamthilia ya Tausi ya miaka ya 1990, na baadaye kabisa Papa Shirandula wa Citizen TV, mlinzi aliyeficha sare yake ya kazi chini ya suti ili mkewe asijue kazi anayofanya. Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alifariki Julai 2020 wakati wa korona, na wiki hiyo video zake zilijaa kila mahali.

Kwa majirani zetu Tanzania mambo yalienda kinyume. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo stesheni kama ITV zikaanza. Kwa hivyo ukimwuliza Mtanzania wa Bara kuhusu "vipindi vya zamani", mara nyingi atakutajia kundi la Kaole na michezo yake ya ITV, kama vile Jahazi, Dira na Gharika. Humo ndimo walimopitia Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, kabla ya Bongo Movie kuwafanya nyota. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Kipande chochote cha Kaole chenye sura yake ya ujana ni mali.

Kwa nini vingine havipatikani

Watu wengi hudhani mahali fulani kuna chumba chenye kila kitu kilichowahi kurushwa, na kuna mtu tu amekataa kukifungua. Sivyo.

Kwanza, televisheni za mwanzo mwanzo zilirusha mambo mengi moja kwa moja. Kilichopita kikapita. Pili, kanda za video zilikuwa ghali, na stesheni nyingi duniani zilizoea kufuta kipindi cha jana ili zirekodi cha leo. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mtu atataka kukitazama kichekesho kilekile akiwa ndani ya matatu.

Usidhani ni umaskini wa Afrika. BBC ya Uingereza, pamoja na pesa zake zote, ilifuta au kutupa vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960, na hadi leo zaidi ya 90 havijapatikana. Sasa sikia hii: mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea vimepatikana. Wapi? Kwenye kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Nakala zilikuwa zimetumwa huko zirushwe, zikasahaulika kwenye rafu, na huko kusahauliwa ndiko kulikoziokoa.

Tatu ni kanda zenyewe. Picha na sauti hukaa kwenye unga mwembamba wa sumaku uliogandishwa juu ya plastiki. Gundi ile hunyonya unyevu, inaanza kunata, na ukiicheza ovyo unga unabanduka pamoja na picha. Joto na unyevunyevu wa mji kama Mombasa si rafiki wa kanda hata kidogo. Na hata kanda ikiwa nzima, unahitaji mashine ya kuisoma. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Mashine za stesheni, zile za U-matic na Betacam, nazo ni za kuokoteza vipuri.

Halafu kuna hesabu ya muda, ambayo mimi ndiyo ilinishtua zaidi. Kanda hainakiliwi kama faili. Ili kuihamishia kwenye kompyuta lazima icheze yote, kwa mwendo wake wa kawaida. Tuseme stesheni ina kanda 1,000 za nusu saa. Hizo ni saa 500. Kwa mashine moja, saa nane kwa siku, ni zaidi ya miezi miwili bila kupumzika hata Jumapili, na hapo hakuna kanda iliyokwama. UNESCO na wataalamu wa kumbukumbu za sauti na picha walishatoa tahadhari kuhusu kanda hizi mwaka wa 2019, na wenzao wa Australia walikuwa wameutaja 2025 kuwa mwaka ambao baada yake kazi hii itakuwa ngumu mno. 2025 ndiyo hiyo imepita.

Unatafuta vipi?

Anza na chaneli rasmi. KBC yenyewe imeweka vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye YouTube, na ubora wake kwa kawaida unapita wa kurasa za mtu binafsi.

Usipopata kwa jina la kipindi, tafuta kwa jina la mhusika. Andika Ojwang, Makokha, Ondiek, Mama Kayai. Jaribu tahajia tofauti pia, maana anayepakia huandika anavyosikia. Kisha chuja matokeo ubaki na video ndefu, la sivyo utazama kwenye vipande vya sekunde thelathini ambavyo vyote ni kile kile kimoja.

Tena majina ya video yasikudanganye. Waigizaji wa KBC walizunguka. Makokha, kwa mfano, yuko Vitimbi na pia Vioja Mahakamani, kwa hivyo vipande vyake vinachanganywa sana. Ukiona kizimba na hakimu, hiyo ni Vioja hata kama aliyepakia ameandika Vitimbi kwa herufi kubwa.

Na kuhusu bando: punguza ubora. Vipindi hivi vilirekodiwa kwa picha ya kawaida ya wakati huo, si HD. Ukiweka 1080p unachoma data bure kutazama ukungu uleule. 480p inatosha kabisa, na kwenye simu ndogo hata 360p.

Kabla hujasambaza

Hapa ndipo wengi tunakosea, mimi nikiwemo.

Kipindi kuwa cha zamani hakukifanyi kuwa cha bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya video kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma. Kipindi cha 1985 bado kina mwenyewe hadi mwisho wa 2035. Kutuma linki ya chaneli rasmi ni sawa. Kupakua na kukipakia upya kwenye ukurasa wako ili upate views ni jambo lingine, na kwenye YouTube maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli.

Pesa za matangazo zinamwendea mwenye chaneli, isipokuwa mwenye haki aje azidai. Mwigizaji hayumo kwenye hesabu hiyo. Waigizaji wakongwe wa Kenya wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba walilipwa kidogo enzi zile, na sasa sura zao zinazunguka nchi nzima bila wao kuona hata bob. Kisheria mgao huo unategemea mikataba waliyotia sahihi miaka hiyo, wakati hakuna aliyejua YouTube ni nini. Mimi naona ni aibu, lakini kulalamika kwenye comments hakutawalipa. Kinachoweza kusaidia kidogo ni kutazama kwenye chaneli ya mwenye kazi, na kumtaja mwigizaji kwa jina lake halisi ili ajulikane na wanaotoa kazi leo.

Taja pia kipindi, na mwaka kama unaujua. Video isiyo na maelezo huzaa uvumi. Sura ya mwigizaji mzee ikisambaa ghafla, mtu wa kwanza anaandika "Pumzika kwa amani", wa pili anasambaza, na kufikia saa sita mchana jamaa aliye hai anapigiwa simu na watoto wake wakilia.

Usivute picha ijae kioo cha simu. Runinga za zamani zilikuwa karibu mraba. Ukivuta, nyuso zinakuwa pana kama sinia. Ukikata iwe wima, mara nyingi unamkata yule aliyekuwa pembeni akichekesha. Na kama una faili nzuri, kwenye WhatsApp itume kama hati, si kama video ya kawaida. Ukituma kama video, WhatsApp inaibana na ubora unashuka.

Kama kuna kanda nyumbani

Mjomba wangu ana kanda ya harusi yake. Harusi inaisha, keki imekatwa, picha inaruka mara mbili, halafu ghafla unaona dakika kama nne za mwisho za Vitimbi. Kanda ilikuwa na Vitimbi, ikarekodiwa harusi juu yake, na hicho ndicho kilichobaki mkiani. Hakuna aliyewahi kuitazama hadi mwisho isipokuwa sisi watoto tuliolala sebuleni na deki ikiendelea kucheza.

Kwa hivyo zitazame hadi mwisho. Lakini usikimbilie kuiingiza kwenye deki ya zamani iliyojaa vumbi. Angalia kwanza kupitia dirisha dogo la kanda: ukiona ukungu mweupe, iache, mpelekee fundi. Kama ni safi, vunja kile kijilimi kidogo cha plastiki upande wa mgongo, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa kisifute kitu.

Wapi pa kuihamishia? Waulize wale wapiga video za harusi waliokuwepo tangu miaka ya 1990. Wengi wao walifanyia kazi VHS na baadhi bado wana deki inayofanya kazi. Kama deki unayo mwenyewe, kuna vifaa vidogo vya kuiunganisha na kompyuta kwa USB. Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu, kwa hivyo panga siku ambayo stima haitasumbua. Hifadhi nakala mbili sehemu tofauti, na kanda yenyewe usiitupe. Isimamishe kama kitabu, mbali na jua na jikoni.

Ukikuta kipindi kizima ambacho hukioni popote mtandaoni, iandikie stesheni iliyokirusha uwaambie unacho. Waeleze kimeanza wapi na kimeishia wapi, nani anaonekana, na tarehe kama imeandikwa kwenye lebo. Matangazo ya biashara yaliyo katikati usiyakate. Bei ya unga au jina la filamu iliyotangazwa kuwa "wiki ijayo" inaweza kusaidia kujua mwaka ambao kipindi kilirushwa.