Senti Kumi Zilizoleta Chanjo

Mwishoni mwa Januari 1938, barua zilifurika Ikulu ya Marekani hadi makarani wakashindwa kuzifungua kwa wakati. Ndani yake mlikuwa na sarafu za senti kumi: nyingine zimebandikwa kwenye karatasi, nyingine zimegandishwa kwenye nta, nyingine zimeokwa ndani ya keki. Zilipohesabiwa zilifika 2,680,000, yaani dola 268,000. Mchekeshaji Eddie Cantor ndiye aliyewaomba wasikilizaji wa redio wamtumie Rais Franklin Roosevelt sarafu hizo kwa ajili ya vita dhidi ya polio.

Roosevelt mwenyewe alipooza miguu mwaka 1921, akiwa na miaka 39. Taasisi ya kupambana na polio aliyoianzisha Januari hiyo ya 1938, chini ya wakili rafiki yake Basil O'Connor, ilishika njia mpya. Enzi hizo watafiti walitegemea sana hisani ya matajiri kama Rockefeller, na serikali ilitoa kidogo. Taasisi hii iliwaendea walalahoi, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1950, akina mama wa Phoenix, Arizona, walipita nyumba kwa nyumba jioni wakikusanya michango. Aliyetaka kuchangia aliwasha taa ya barazani. Mtindo huo ukaenea nchi nzima. Aliyewahi kuhudhuria harambee anaijua nguvu yake: anayebisha hodi ni jirani, na mwanawe anacheza na wako.

Michango hiyo ilimfikia John Enders na wenzake huko Boston, waliofaulu mwaka 1949 kukuza virusi vya polio kwenye tishu zisizo za neva. Ikamfikia pia Jonas Salk, Pittsburgh, aliyetengeneza chanjo. Mwaka 1952 pekee Wamarekani zaidi ya 57,000 waliugua, kwa hiyo kila mzazi alikuwa akihesabu siku.

Majaribio makubwa yalianza tarehe 26 Aprili 1954 na kuhusisha watoto wapatao milioni 1.8. Baadhi walichanjwa, wengine wakadungwa sindano isiyo na chanjo, wengine wakafuatiliwa tu. Fomu waliyotia saini wazazi iliandikwa kama ombi: mzazi ndiye aliyeomba mwanawe ashirikishwe. Naamini fedha peke yake isingenunua imani ya namna hiyo. Ilijengwa na miaka kumi na sita ya kuchanga, kuelezwa na kusubiri pamoja. Tarehe 12 Aprili 1955, mjini Ann Arbor, ilitangazwa kwamba chanjo inafanya kazi. Wiki chache baadaye dozi mbovu za kiwanda kimoja cha California zilisababisha vifo vya watu 10; chanjo ikasimamishwa, ukaguzi ukaimarishwa, na wazazi wakarudi kwenye foleni.

Lakini yupo mchangiaji mmoja ambaye hakuombwa. Ili kupima damu ya watoto wale, taasisi iligharimia maabara ya Tuskegee, Alabama, ambako wanasayansi weusi walikuza kwa wingi seli za Henrietta Lacks, mama mweusi aliyefariki kwa saratani mwaka 1951. Seli hizo zilichukuliwa hospitalini Baltimore bila ridhaa yake, na familia yake haikujua lolote hadi miaka ya 1970. Historia yoyote ya michango ya umma kwa sayansi isiyomtaja haijakamilika.